Mizani Haijihakiki: Majaribio ya Programu na Elimu ya Miradi Katika Uwanda wa Makonde

Msimu wa korosho wa 2024/25 ulipofunguliwa, minada ya chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, TANECU, ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Miaka ya nyuma wanunuzi walitumbukiza zabuni zao kwenye sanduku, likafunguliwa mbele ya wakulima. Sasa bei huingizwa kwenye kompyuta na mkulima huisoma kwenye skrini. Ongeza hapo mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08, na malipo yanayopitia akaunti za benki. Korosho ya Tandahimba, tangu inapowekwa kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, hadi fedha zinapomfikia mwenyewe, hupita kwenye hesabu nyingi zinazofanywa na programu.

Ndiyo maana somo la kompyuta katika shule za Tandahimba, Newala na Masasi halipaswi kuchukuliwa kama pambo la mtaala. Watoto wanaolisoma leo ndio watakaokuwa makarani wa AMCOS, maofisa wa halmashauri, na baadhi yao waandishi wa programu hizo hizo. Swali ni namna ya kuwafundisha na namna ya kuwapima. Majibu mawili yanavuma katika elimu ya kompyuta duniani kote. La kwanza ni kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kufanya mradi wa kweli badala ya kukariri sehemu za kompyuta. La pili ni kwamba mashine itunge majaribio na kusahihisha, ili mwalimu mwenye wanafunzi mia asikeshe na madaftari.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba majibu yote mawili yanafaa, ila mpangilio wake ndio unaoamua kama yatajenga au yatabomoa. Mtu lazima aseme kwanza jibu sahihi ni lipi, na alitoe jibu hilo katika maisha halisi. Mashine ije baadaye kulizidisha jaribio hilo mara mia. Ukiugeuza mpangilio huo utapata wanafunzi wenye alama nzuri na programu zinazowapunja watu.

Mitihani ya aina mbili

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Liko jaribio la mwanafunzi, yaani maswali ya kupima alichokielewa. Liko pia jaribio la programu, ambalo ni jambo jepesi kulieleza: unaipa programu kitu ambacho jibu lake unalijua, kisha unatazama kama imejibu hivyo.

Kwa jaribio la mwanafunzi, mashine si ngeni Tanzania. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani, NECTA, lilianza kusahihisha mtihani wa darasa la saba kwa mashine inayosoma vivuli vya penseli, na hata Hisabati ikawa ya kuchagua herufi. Usahihishaji ukawa wa haraka. Lakini wazazi na walimu wakahoji inakuwaje mtoto apewe alama za hesabu bila kuonyesha njia. Hoja yao ilikuwa ya msingi, kwa sababu mashine hupima kile inachoweza kukisoma, na polepole shule nazo hufundisha hicho hicho.

Jaribio la programu ndilo lenye utajiri zaidi kwa mada yetu. Katika somo la kompyuta aina hizi mbili hukutana: mwanafunzi anaandika programu, programu inajaribiwa, na matokeo ya jaribio yanakuwa alama ya mwanafunzi. Jaribio likiwa bovu, alama nayo ni bovu.

Mradi ulikuwepo kabla ya kompyuta

Wapo wanaodhani elimu ya miradi imekuja na wafadhili. Katika vitabu vya elimu hutajwa William Heard Kilpatrick wa Columbia, aliyechapisha makala yake juu ya njia ya mradi mwaka 1918. Tanzania ina historia yake yenyewe. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe pia mahali pa uzalishaji, na akahoji uzito uliopewa mtihani wa mwisho. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasukuma mbali zaidi, na baada yake alama za kazi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani. Hadi leo kidato cha nne kina alama za maendeleo zinazochangia matokeo ya mwisho.

Tujifunze nini kutoka kwenye historia hiyo? Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wanalikumbuka shamba la shule. Katika shule nyingi lilibaki jembe na adhabu: aliyechelewa alilima, na mavuno yalihesabiwa kwa magunia. Ni wachache walioulizwa kwa nini mbegu ile iliota na ile ikafa, au hasara ya msimu ilitokana na nini. Mradi ulipimwa kwa kilichovunwa, si kwa kilichofahamika. Wazo lenyewe halikuwa baya. Lilikosa kipimo kinachofanana nalo.

Hatari hiyo hiyo inaukabili mradi wa kompyuta. Mwalimu akitazama tu kama skrini inapendeza na vitufe vinabonyezeka, amerudia kosa la kuhesabu magunia. Mtaala ulioanza kutumika kwa hatua Januari 2024, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, unasisitiza umahiri na mafunzo ya amali. Umahiri nao hauonekani kwa macho matupu. Unahitaji kupimwa, na hapo ndipo majaribio ya programu yanapoingia.

Mashine inavyotunga majaribio

Usahihishaji wa programu kwa mashine una umri mkubwa. Mwaka 1960 Jack Hollingsworth wa Rensselaer Polytechnic Institute, Marekani, alieleza jinsi kompyuta yao ilivyosahihisha programu za wanafunzi zilizotobolewa kwenye kadi. Sababu yake ni ile ile ya leo: wanafunzi wengi, wasahihishaji wachache.

Wakati huo mwalimu ndiye aliyeandika majaribio na mashine ikayaendesha. Hali ilibaki hivyo kwa muda mrefu, hata baada ya Kent Beck na Erich Gamma kutengeneza JUnit mwaka 1997 na kuifanya kazi ya kuandika majaribio iwe ya kila siku kwa waandishi wa programu. Badiliko kubwa lilikuja mashine ilipoanza kuyatunga yenyewe. Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes walitoa QuickCheck: mtu anaandika kanuni, mashine inabuni mifano mingi ya kubahatisha kuona kama kanuni itavunjika. Mwaka 2007 ikaja Randoop, na mwaka 2011 EvoSuite ya Gordon Fraser na Andrea Arcuri, ambayo husoma programu ya Java na kuitungia majaribio, ikijitahidi kugusa kila tawi la msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kijana yeyote mwenye simu na bando anaweza kuomba majaribio kwa sentensi moja.

Jambo la kuangalia ni tofauti kati ya njia hizi. QuickCheck inasubiri kanuni kutoka kwa mtu. EvoSuite haisubiri, inasoma msimbo uliopo, inaona unatoa jibu gani, na kuliandika jibu hilo kuwa ndilo linalotarajiwa. Kwa kampuni inayotaka kujua kama mabadiliko ya leo yameharibu kilichokuwa kikifanya kazi jana, hiyo ni nyenzo nzuri. Kwa mwanafunzi anayeandika programu yake ya kwanza ni mtego, kwa sababu inachukulia kwamba alichoandika ni sahihi.

Linganisha na mizani: kabla ya msimu, Wakala wa Vipimo hukagua mizani za korosho kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Jiwe la kilo 20 likisoma kilo 19 na nusu, mizani inarekebishwa au inazuiwa. Hakuna mkulima atakayekubali mizani itengeneze mawe yake yenyewe kisha ijitangaze kuwa ni sahihi. Jaribio linalotungwa kutoka kwenye msimbo ule ule unaojaribiwa ni jiwe la namna hiyo. Wataalamu wa kompyuta wameliandikia tatizo hili kwa miongo kadhaa: ugumu wa kujaribu programu hauko sana katika kubuni maswali, uko katika kujua jibu linalostahili.

Jaribio kubwa lililofanyika hapa nchini linaonyesha kwamba hata wanaoamini mashine hukubali hilo. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mashindano ya Global Learning XPRIZE yaliwapa watoto wa vijiji vya mkoa wa Tanga vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma na kuhesabu. Programu zilitoa mazoezi na kuyasahihisha zenyewe. Lakini washindi wawili waliotangazwa Mei 2019, onebillion na Kitkit School, hawakuchaguliwa kwa alama ambazo programu zao zilijipa. Watoto walipimwa nje ya programu, kabla ya kuanza na baada ya kumaliza.

Nusu kilo iliyopotea

Tuchukue mradi unaoweza kufanywa katika sekondari yoyote ya Tandahimba: programu ya kukokotoa malipo ya mkulima. Inapokea uzito wa korosho, bei ya mnada na makato kwa kilo, kisha inatoa fedha anayopaswa kulipwa. Kwa urahisi wa hesabu tuseme bei ni shilingi 4,000 na makato yote kwa pamoja ni shilingi 250 kwa kilo. Mkulima anabaki na shilingi 3,750 kwa kila kilo.

Kikundi cha wanafunzi wanaandika programu. Mmoja wao, akidhani uzito ni namba nzima siku zote, anaweka amri inayoigeuza kuwa namba kamili kabla ya kuzidisha. Amri hiyo haikadirii, inakata. Kilo 437.5 zinakuwa 437. Programu inatoa shilingi 1,638,750.

Sasa wanaiomba mashine itunge majaribio kutoka kwenye msimbo wao. Mashine inajaza uzito mbalimbali, na mmojawapo ni 437.5. Inaona programu imetoa 1,638,750, inaandika kwamba hilo ndilo jibu linalotarajiwa, kisha inaendesha. Majaribio yote yanapita. Skrini nzima ni ya kijani. Mwalimu anayetoa alama kwa kutazama kijani anawapa mia kwa mia.

Hebu programu hiyo hiyo ipelekwe kwa bibi mwenye mikorosho yake, aliyekwisha kupiga hesabu kichwani tangu alipotoka kwenye mizani.

"Mjukuu wangu, mimi nimepima mia nne thelathini na saba na nusu. Nusu yangu iko wapi?"

"Bibi, kompyuta imesema hivyo."

"Kompyuta ilikuwepo kwenye mizani?"

Jibu sahihi ni shilingi 1,640,625. Zimepotea shilingi 1,875. Kwa mtu mmoja ni fedha ndogo. Kwa AMCOS yenye wakulima mia kadhaa, na kila mmoja akipeleka mzigo zaidi ya mara moja kwa msimu, ni fedha za kuitishia mkutano mkuu. Jaribio lililolikamata kosa halikutoka kwenye msimbo. Limetoka kwa mtu aliyekuwepo kwenye mizani, na kikundi kisingekutana naye kama mradi wao ungekuwa wa duka la kubuni la vitabu katika mji ambao hawajawahi kuuona.

Hapo ndipo mradi na jaribio vinapohitajiana. Mradi wa kweli huleta majibu ya kweli. Na uwanda wa Makonde una majibu tele ambayo kitabu cha kiada hakina. Katika kijiji kimoja wanaweza kupatikana wakulima wawili wenye majina yale yale matatu. Je, programu ya kugawa salfa ya mikorosho itampa mmoja mara mbili na mwingine asipate? Mkulima amepeleka mzigo wa kwanza ukauzwa mnada wa kwanza, wa pili ukauzwa kwa bei nyingine. Je, programu inatumia bei moja kwa mizigo yote? Mzigo mmoja umepangwa daraja la kwanza, mwingine la pili. Mume amefariki katikati ya msimu na akaunti iko kwa jina lake. Kila moja ya hali hizi ni jaribio linalosubiri kuandikwa, na hakuna mashine itakayolibuni bila kuambiwa.

Kanuni zisizovunjika

Mashine basi ina kazi gani? Ina kazi kubwa, mradi tu ipewe kanuni badala ya kuachiwa ibuni majibu. Katika mradi wetu wa malipo ziko kanuni zinazopaswa kushika kwa mkulima yeyote na kwa bei yoyote. Malipo ya wakulima wote yakijumlishwa na makato yote lazima yalingane na fedha iliyotoka kwa mnunuzi. Anayeongeza uzito hawezi kulipwa pungufu kwa bei ile ile. Kubadilisha mpangilio wa majina kwenye orodha hakubadilishi malipo ya mtu. Kugawa mzigo mmoja katika magunia mawili hakupunguzi fedha ya jumla.

Kanuni ya mwisho ingelikamata kosa la nusu kilo bila bibi kufika shuleni. Kilo 437.5 na kilo 437.5 nyingine zikiwa mzigo mmoja ni 875 kamili. Zikitenganishwa, programu mbovu inakata nusu mara mbili na jumla inapungua kwa shilingi 3,750. Mashine ikipewa kanuni hiyo inaweza kujaribu mizigo elfu moja ndani ya dakika chache, kazi ambayo hakuna mwalimu angeiweza. Lakini aliyeijua kanuni ni mtu anayeielewa korosho. Mwanafunzi anayeweza kuitamka kanuni kama hiyo ameelewa somo lake, hata kama msimbo wake bado una makosa.

Njia nyingine inafaa zaidi shule zenye kompyuta chache. Mwaka 1978 Richard DeMillo, Richard Lipton na Frederick Sayward walieleza mbinu ya kuharibu programu kwa makusudi: badilisha alama moja, weka kutoa mahali pa kujumlisha, kisha tazama kama majaribio yaliyopo yanaugundua uharibifu. Yasipougundua, ni dhaifu. Mwalimu anaweza kuifanya kwa karatasi. Anaandika ubaoni programu fupi tano, nne zimeharibiwa na moja ni nzima, na kila mwanafunzi analeta orodha ya mifano yake yenye majibu. Alama inatokana na idadi ya programu mbovu alizozinasa bila kuihukumu ile nzima. Zoezi hili halihitaji umeme.

Sharti la kutoihukumu iliyo nzima lina uzito wake. Mwishoni mwa mwaka 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnada, serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kuisomba, na wenye mizigo mikubwa wakahakikiwa mashamba ili kuwabaini wanaofanya kangomba, yaani kununua korosho za wakulima nje ya mfumo rasmi. Uhakiki ule nao ulikuwa jaribio: kama uzito unazidi kiasi fulani, shamba likaguliwe. Lengo lilieleweka. Lakini mkulima halali mwenye shamba kubwa naye alisubiri fedha zake. Mwanafunzi anayejenga programu ya kunasa wadanganyifu afundishwe mapema kwamba jaribio linalomshika asiye na hatia lina gharama, na anayeilipa ni mtu.

Majirani wamefika wapi

Kenya imeweka mradi ndani ya mtihani wa taifa kwa miaka mingi. Somo la Computer Studies la KCSE lina karatasi ya tatu, 451/3, ambayo ni mradi: mtahiniwa hupewa tatizo la taasisi fulani na kulijengea mfumo wa kuhifadhi na kuchakata taarifa kwa hatua, kisha anawasilisha kazi pamoja na maelezo yake. Ni mfano mzuri kwa sababu mradi unapewa alama zinazohesabika. Udhaifu wake unatokana na hilo hilo. Mradi wenye maagizo yale yale kwa nchi nzima, unaofanywa kwa miezi bila msimamizi wa mtihani, ni rahisi kununuliwa kwa mtu mwingine.

Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, ukiwa na kazi za miradi na alama za mwaka zinazochangia asilimia 20 ya matokeo. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa UCE mwaka 2024. Tanzania nayo ina karatasi ya vitendo katika somo la kompyuta la kidato cha nne, ambapo mtahiniwa hukaa mbele ya mashine kwa muda maalumu. Hiyo inazuia kununua kazi, lakini saa chache haziwezi kuonyesha kama mtu anaweza kwenda kwa karani, akamsikiliza, akarudi na kurekebisha.

Nje ya shule pia kuna uzoefu wa kuazima. Apps and Girls, iliyoanzishwa na Carolyne Ekyarisiima mwaka 2013, imewafundisha wasichana kompyuta kwa kuwaacha watatue matatizo wanayoyaona wenyewe. Shule Direct ya Faraja Nyalandu, iliyoanza mwaka huo huo, imeweka notisi na maswali ya masomo ya sekondari mtandaoni. Moja ina nguvu kwenye mradi, nyingine kwenye maswali yanayojisahihisha. Shule inahitaji vyote viwili chini ya paa moja.

Akili mnemba na alama za bure

Tatizo la kununua mradi limebadilika sura. Zamani mwanafunzi alihitaji fedha na mtu wa kumfanyia. Sasa akili mnemba inaandika programu, inaandika majaribio ya programu hiyo, na kuandika maelezo ya mradi kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha mwalimu. Programu na majaribio vikitoka kichwa kimoja, vinaweza kukubaliana katika kosa. Mfano wa nusu kilo unarudi, safari hii bila mwanafunzi hata kuugusa msimbo.

Kupiga marufuku hakutasaidia sana. Simu zipo majumbani na msimamizi hayupo. Kinachosaidia ni kuhamisha alama. Mwanafunzi asipewe alama nyingi kwa msimbo, ambao mashine inaweza kuuandika. Alama ziende kwenye mambo matatu ambayo haiwezi kuyafanya kwa niaba yake: mifano aliyoikusanya kwa watu na kuipigia hesabu kwa mkono, kanuni alizozitamka, na utetezi wa mdomo. Katika utetezi mwalimu abadilishe sharti moja papo hapo: halmashauri imeongeza tozo, au mnada wa pili umeleta bei tofauti. Aliyeielewa programu yake ataibadilisha kwa dakika kumi. Aliyeletewa ataanza kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Umeme, lugha na siri za watu

Usahihishaji wa mashine kwa kawaida hudhaniwa kuwa ni wa mtandaoni. Kwa shule za kusini hilo ni kosa la kupanga. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba kwa siku kadhaa hadi mijini. Lindi na Mtwara kwa muda mrefu zilitegemea umeme wa kituo cha gesi cha Mtwara, na mitambo iliposumbua mikoa yote miwili ilijua. Mfumo wa kusahihisha unaotegemea seva ya ng'ambo utakufa siku ya mtihani.

Habari njema ni kwamba majaribio ya programu ni maandishi mepesi. Yanakaa kwenye flashi na kuendeshwa kwenye kompyuta moja isiyo na intaneti. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na baadhi vinaweza kuendesha programu ndogo za Python bila mtandao. Jambo la lazima ni mwalimu ajue kuandika jaribio, na hilo liingizwe katika mafunzo ya vyuo vya ualimu, Kitangali kikiwa cha jirani kabisa.

Lugha ni kikwazo kingine. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza na majaribio yanayotungwa na mashine huja na ujumbe wa Kiingereza usioeleweka hata kwa mwenye lugha yake. Mwanafunzi anaona rangi nyekundu na mstari wa maneno, anaanza kubadilisha msimbo kwa kubahatisha mpaka kijani itokee. Hiyo si elimu. Majaribio ya mwalimu yapewe majina ya Kiswahili yanayosema kosa: "nusu kilo imekatwa", "wakulima wawili jina moja", "makato yamezidi malipo". Anayesoma ujumbe huo anajua pa kuanzia.

Mwisho ni siri za watu. Mradi wa kweli hutumia taarifa za kweli, na stakabadhi ya korosho ina jina, kijiji na namba ya akaunti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimpi mwanafunzi msamaha kwa kuwa yuko shuleni. Utaratibu ni rahisi: mwenyewe aombwe ridhaa, majina na akaunti vifutwe kabla karatasi haijaingia darasani, na namba za uzito zibadilishwe kidogo.

Kifanyike nini

Baraza la Mitihani na Taasisi ya Elimu zifikirie kuupa mradi wa kompyuta nafasi katika alama za maendeleo, kwa masharti kwamba tatizo litoke katika kata ya shule, mwanafunzi alete majaribio yake mwenyewe, na autetee kwa mdomo. Mashine zitumike kuendesha majaribio ya kanuni kwa wingi na kusahihisha mazoezi ya wiki, kwa sababu katika darasa kubwa mwanafunzi anayepata jibu leo hujifunza zaidi ya anayesubiri mwezi. Zisitumike kuamua peke yake nani amefaulu.

Halmashauri na vyama vya ushirika vina mchango usiohitaji bajeti kubwa: karani mmoja aje shuleni mara moja kwa muhula aeleze malipo yanavyokokotolewa na makosa anayoyaona. Saa moja ya karani huyo italeta majaribio mengi kuliko programu yoyote ya kigeni.

Na mwalimu wa Tandahimba, Newala au Masasi asisubiri maabara wala waya wa intaneti. Awape wanafunzi karatasi, hesabu moja ya malipo ya korosho yenye kosa, na agizo moja: tafuteni mfano utakaolifichua, na mwonyeshe kwa mkono jibu lilipaswa kuwa lipi. Darasa linaloweza kufanya hivyo limeanza sayansi ya kompyuta.